Tezi dume ya gramu 142: mzee wangu kapasuliwa kwa roboti. Kabla hujauza kiwanja, uliza gramu

#1 Mtoto wa Reli (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna jamaa aliuliza humu kama ni kweli roboti inapasua tezi dume na mtu anarudi nyumbani kesho yake. Majibu yalikuwa ya kishabiki tupu, huku utapeli, huku muujiza. Mimi nimeishi na jambo hili miezi tisa ndani ya nyumba yangu, nimeona nifungue uzi. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mgonjwa ni baba yangu mzazi, miaka 71, mstaafu wa reli, anaishi Korogwe. Kwa muda mrefu usiku wa pale nyumbani ulikuwa na sauti moja, kitasa cha mlango wa uani. Saa tano, saa saba, saa nane, saa kumi. Mama akachoka na kitasa, akamwekea kopo la rangi la lita nne uvunguni. Sasa ukilala chumba cha pili unasikia: tii... kimya... tii, tii... kimya. Kisha mzee anashusha pumzi. Ukimuuliza asubuhi anakujibu, "Uzee huo mwanangu, hata babu yako alikuwa hivi." Na kweli babu alikuwa hivyo. Ila babu alikufa miguu imevimba na hakuna aliyejua kwa nini.

Mwezi wa saba akashikwa na mafua. Akanunua vidonge dukani, akanywa viwili, akalala. Saa nane usiku mama ananipigia simu Dar: baba yako yuko uani ameshika ukuta, jasho linamtoka, mkojo hautoki hata tone. Alfajiri wakamfikisha hospitali, nesi akamwekea mpira, ikatoka lita moja na robo. Kibofu cha mtu mzima kinaanza kukudai kikiwa hakijafika hata nusu lita!

Daktari kijana aliyekuwa zamu akauliza swali moja: "Mzee, jana umekunywa dawa gani?" Kumbe dawa nyingi za mafua zina vitu viwili. Kimoja kinakaza shingo ya kibofu, kingine kinamlegeza kibofu mwenyewe asisukume. Kwa kijana si kitu. Kwa mzee ambaye tezi imeshambana, ndiyo komeo la mwisho.

Ultrasaundi ikasema gramu 142. Ya kijana ni gramu 20 na kidogo, kama ndimu ndogo. Chukua mayai mawili na nusu, yabane katikati yake mrija wa mkojo, ndiyo hali aliyokuwa nayo. Figo ya kushoto ilikuwa imejaa maji. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikaja 9, ukoo mzima ukaanza kulia saratani. Daktari akatutuliza: tezi kubwa yenyewe inatoa PSA nyingi, na mpira na maambukizi vinaipandisha zaidi. Tukasubiri wiki sita, tukarudia, ikashuka. Akaenda kupiga picha ya MRI, safi. Ni tezi iliyokua tu. Kukua huku si saratani na hakugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Dawa alipewa. Tamsulosini ya kulegeza njia, na finasteraidi ya kusinyaza tezi. Hii ya pili inataka miezi sita ndipo uone kitu, na inashusha PSA karibu nusu, kwa hiyo ukienda kupima mahali pengine mwambie daktari unaitumia, la sivyo atasoma namba ya uongo. Kwa mzee, mpira ulitolewa mara mbili. Mara zote mbili tulirudi hospitali usiku uleule.

Nimeita bajaji, nikitulia naendelea.

#2 Siti ya Dirishani

Naweka kambi hapa.

#3 Mgosi

Mleta mada endelea. Mimi nina 56, naamka mara tatu. Nilikuwa nadhani ni chai ya usiku.

#4 Bwana Nyundo

Hawa ndio wale mawakala wa hospitali za nje. Subirini mtaona namba ya simu chini.

#5 Mtoto wa Reli

Bwana Nyundo, namba ya simu hutaiona, na jina la hospitali hutaliona. Tena wakala ndiye nataka kuanza naye.

Bingwa wetu hapa nyumbani alisema hivi: kukwangua kupitia njia ya mkojo, ile wanaita TURP, kunafaa tezi za gramu 30 mpaka 80. Zaidi ya hapo unakwangua muda mrefu, damu inapotea, na bado unaacha nyama. Kwa 142 alishauri kuchana tumbo chini ya kitovu, kuingia, kuitoa. Mzee akagoma. Rafiki yake wa karakana alichanwa hivyo miaka ya nyuma, akaongezwa chupa tatu za damu na kukaa wodini mpaka akawajua manesi wote kwa majina.

Hapo ndipo akaja wakala wa kupeleka wagonjwa India. Anavyoongea utadhani roboti inamfuata mgonjwa kitandani na uji. Hakuna damu, hakuna maumivu, kesho yake unatembea sokoni. Hakuuliza gramu hata siku moja. Baadaye nikajua kwamba jirani yetu mwenye gramu 45 alishaambiwa na wakala yuleyule aende roboti hiyohiyo. Gramu 45! Yule alikwanguliwa Dar, akarudi kazini kwake. Angeuza shamba bure.

Kwa hiyo wakuu, roboti si daraja la juu la matibabu ambalo maskini anakosa na tajiri anapata. Ni njia mojawapo ya kufanya ile kazi ya kuchana, kwa tezi kubwa. Kazi ni ileile, ila mlango umekuwa mdogo.

Tuliuza kiwanja, dada yangu aliyeko Muscat akaongeza, tukaenda kusini mwa India.

#6 Tabibu wa Pasua

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, upande wa mkojo. Mleta mada umeeleza vizuri, niongeze jambo kwa wanaofuatilia.

Tezi dume iliyokua ni kama chungwa. Nyama ya ndani ndiyo inayovimba, ganda linasukumwa nje linabaki jembamba. Kwa ugonjwa huu hatutoi chungwa zima, tunamenya nyama tunaacha ganda. Kwa saratani ndipo linatoka lote pamoja na ganda. Watu wanachanganya upasuaji hizi mbili kila siku, na ndiyo maana vitisho vya saratani vya kukojoa ovyo na kupoteza nguvu vinahamishiwa kwa mgonjwa asiyehusika.

Kumenya huku ni kwa zamani. Peter Freyer, Mwairishi aliyefanya kazi ya udaktari India miaka mingi kabla ya kurudi London, alikuwa akipita ndani ya kibofu na kuitoa nyama kwa kidole, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwaka 1945 Mwairishi mwingine, Terence Millin, akaonyesha namna ya kuifikia kwa mbele bila kukipasua kibofu. Mpaka leo ukichanwa hapa kwetu, umepitia mkono wa mmoja wa hawa wawili. Mwaka 2008 René Sotelo na wenzake wa Caracas wakaandika kuhusu wagonjwa saba waliomenywa kwa roboti. Chungwa lilelile.

#7 Mgosi

Tabibu, hiyo roboti ndiyo inaamua ikate wapi?

#8 Tabibu wa Pasua

Haiamui kitu. Neno roboti ndilo linalotupotosha. Daktari anakaa pembeni, hatua chache kutoka kitandani, ameingiza uso kwenye kama darubini, vidole viwili viwili ndani ya vishikio, miguu kwenye pedali kama fundi cherehani. Anachofanya kwa vidole, mikono ya mashine inakifanya ndani ya tumbo. Akisimama, inasimama. Akitetemeka, mashine inachuja mtetemo. Akisogeza mkono kipande kirefu, ndani kinasogea kifupi. Anaona ndani kwa kina, imekuzwa mara kumi hivi. Na vifaa vina kifundo kama cha mkono wa mtu, vinapinda pande zote. Ule upasuaji wa kawaida wa matundu vijiti vimenyooka, kushona ndani ya shimo la nyonga ni kama kufunga vifungo vya shati kwa vijiti vya mishikaki.

Upungufu: mashine nyingi zilizopo hazimpi daktari hisia ya mguso. Anavuta uzi kwa macho. Toleo jipya la da Vinci, mojawapo ya hizo roboti, lililoruhusiwa Marekani mwaka 2024, ndilo limeanza kumrudishia hisia hiyo.

#9 Mtoto wa Reli

Asante tabibu. Naendelea na siku yenyewe.

Kabla ya kuingia alijaza karatasi ya maswali saba kuhusu mkojo, kila swali alama 0 mpaka 5, jumla 35. Ukipata mpaka 7 ni kidogo, 8 hadi 19 wastani, 20 kwenda juu ni kali. Hii unaweza kujaza hata nyumbani na kalamu. Kwa kuwa alikuwa na mpira walimwambia ajibu kama alivyokuwa kabla ya yale mafua. Akapata 29. Chini kuna swali la nane: ukiambiwa utaishi hivi maisha yako yote, utajisikiaje? Mzee alilitazama muda mrefu. Akaniambia niandike mimi, mkono wake umechoka.

Nusu kaputi, siyo ganzi ya mgongoni. Wanamlaza kichwa chini miguu juu, wanamjaza hewa ya kabonidayoksaidi tumbo liinuke kama hema. Matundu sita, mengi hayafikii upana wa kidole kidogo. Wanafungua kibofu, wanamenya, wanashona, nyama inawekwa kwenye kimfuko ndani kwa ndani, kisha tundu la kitovuni wanalipanua kidogo inatolewa hapo. Kwa hiyo mkiambiwa hakuna kuchanwa kabisa, kataeni. Gramu 142 haipiti kwenye tundu la kalamu.

Ilichukua saa tatu na nusu. Daktari alitoka na kikopo cha plastiki. Ndani mna vipande viwili vikubwa vyeupe vyenye mabonge, kama muhogo uliolala majini. Akasema, "Hiki ndicho kilikuwa kinamwamsha." Nikapiga picha nikamtumia mama. Mama akajibu: "Futa hiyo picha."

Damu hakuongezwa. Siku ya pili akatembea koridoni, mfuko wa mkojo ameuficha chini ya kanzu, ameushika kama kikapu cha ubani. Siku ya nne, tukiwa tayari nyumba ya kupanga karibu na hospitali, mpira ukaziba. Mabonge ya damu. Maumivu yaleyale ya usiku wa mafua. Tukarudi mbio, nesi akasukuma maji ya chumvi kwa sindano kubwa, akavuta, akasukuma, akavuta, mabonge yakatoka kama maini. Wakala alikuwa hapokei simu. Na ankara ya mwisho ilizidi makadirio, maana walimlaza usiku mmoja chumba cha uangalizi kwa ajili ya presha, na usiku huo haukuwa kwenye karatasi ya mwanzo. Ukienda, dai waandike mapema kitakachotokea mgonjwa akilala zaidi.

Mpira ulitolewa siku ya nane. Akakojoa. Nilikuwa nje ya mlango nasikiliza, sijui nani mwingine amewahi kusimama nje ya choo akilia kwa sauti ya maji.

#10 Dereva wa Masafa

Tuache ushairi. Mambo ya ndani yanafanya kazi?

#11 Siti ya Dirishani

Swali la uzi mzima hilo, watu walikuwa wanaona aibu.

#12 Tabibu wa Pasua

Najibu kitaalamu. Kusimama kwa uume: mishipa yake inapita nje ya ganda, na sisi ganda hatulitoi, kwa hiyo wengi wanabaki walivyokuwa. Aliyekuwa dhaifu kabla asitegemee tezi imrudishie ujana. Kinachobadilika ni shahawa. Shingo ya kibofu inabaki wazi, shahawa inarudi kibofuni, mtu anafika kileleni ila hakitoki kitu, au kinatoka kidogo. Haina madhara, utaikojoa. Lakini anayetaka mtoto aseme kabla. Hili linatokea kwa roboti, kwa kuchana, kwa kukwangua, kwa leza. Anayekuahidi kwa hakika kwamba halitakutokea kwa upasuaji huu anakudanganya.

#13 Mtoto wa Reli

Mzee simuulizi, yule ni baba yangu. Nasema tu mama haamki tena analalamika.

#14 Mkimbizi wa Baridi

Nipo Uingereza, nina 66. Yangu ilikuwa gramu 120, haikuguswa na roboti wala kisu. Walipitia njia ya mkojo kwa leza ya holimiamu, wanaita HoLEP. Leza inamenya hilo chungwa kwa ndani, nyama inasukumwa kibofuni, kisha mashine nyingine inaisaga na kuifyonza. Sina kovu hata moja. Mpira ulitoka kesho yake. Mleta mada umeisahau hii.

#15 Mtoto wa Reli

Sijaisahau mkuu, sikuambiwa. Na hilo linaniuma kuliko kiwanja.

#16 Tabibu wa Pasua

Mkimbizi ametaja jambo zito. Kwa tezi kubwa, roboti ikilinganishwa na kuchana inashinda kwa damu na siku za kulala, ingawa chumba cha upasuaji kinakaliwa muda mrefu zaidi. Mkondo wa mkojo baada ya miezi unakuwa sawa tu. Ikilinganishwa na leza ya kumenya, roboti haina ushindi mkubwa, tena mpira wa leza unatoka mapema. Tatizo la leza ni mkono, inachukua muda mrefu kujifunza. Roboti inang'aa pale mtu ana mambo mengine ndani: mawe makubwa ya kibofu, au kifuko kilichochomoza ukutani mwa kibofu. Vyote vinatolewa safari moja.

#17 Bwana Nyundo

Sawa, naondoa neno wakala. Ila mbona Angola wameshapasua mtu kwa roboti daktari akiwa Marekani? Sisi kwa nini tupande ndege?

#18 Jirani wa Kimironko

Ile ya Luanda ni Juni 2025, daktari Vipul Patel akiwa Orlando, Florida. Ilikuwa saratani ya tezi dume, siyo kukua kwa kawaida. Na pale Luanda kulikuwa na timu nzima imesimama kando ya kitanda, mtandao ukikatika wamalizie wao. Watu wanasikia daktari yuko ng'ambo wanadhani mgonjwa alikuwa peke yake na mashine.

Jambo lenyewe si la jana. Septemba 2001 Jacques Marescaux akiwa New York alitoa kifuko cha nyongo cha mama aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Huyohuyo ndiye mwanzilishi wa IRCAD, taasisi ya mafunzo ya upasuaji ya Ufaransa, na IRCAD sasa ina kituo hapa kwetu Kigali tangu 2023, madaktari wa Afrika wanakuja kufundishwa upasuaji wa matundu. Mimi naishi karibu, nawaona tu wakishuka kwenye mabasi na mikoba yao.

#19 Dereva wa Masafa

Mtandao wa kwetu mimi hata picha ya mgeni wa sendoff haifunguki. Nipasuliwe kwa huo? Hapana.

#20 Mama Ubwabwa

Mimi ni mwanamke, nimesoma kimya tangu juu. Mume wangu amekunywa mbegu za maboga, mizizi ya kwenye basi, na unga mweusi wa Kariakoo wa chupa, miaka miwili. Juzi tumeambiwa figo. Nauliza, roboti inatibu figo?

#21 Tabibu wa Pasua

Pole sana dada yangu. Hapana, haitibu figo. Ila kama figo imeharibika kwa sababu mkojo unarudi nyuma, kwanza wamwekee mpira kibofu kipumue. Figo nyingi hurudi angalau kiasi zikiondolewa mzigo. Habari ya upasuaji inakuja baadaye, vipimo vya damu vikishatulia. Amepimwa kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo? Ana mpira sasa hivi?

#22 Mama Ubwabwa

Mpira ameukataa. Anasema ukiwekwa hautoki.

#23 Mtoto wa Reli

Shemeji, mwambie kuna mzee wa Korogwe alikaa nao miezi minane, akaingia nao msikitini, akasafiri nao kwa ndege, na umetoka. Akitaka kuongea na mzee mwenyewe nitumie ujumbe wa faragha nimuunganishe. Mzee kwa habari hii siku hizi anaongea mpaka unatafuta kisingizio cha kuondoka.

Mengine ya baadaye, kwa ajili ya kumbukumbu: wiki tatu za kwanza alikuwa anavujisha akikohoa au akiinuka kitini. Pampasi zilitumika, hakupenda. Alifundishwa kukaza misuli kama mtu anayezuia upepo, mara kadhaa kwa siku, ikapungua. Asibebe kitu kizito wiki sita. Nyama ilipimwa maabara, hakuna saratani. Lakini ganda limebaki, kwa hiyo PSA ataendelea kupima, imeshuka sana na hiyo ndiyo namba yake mpya ya kulinganishia. Figo imerudi, siyo yote. Daktari alisema tungekuja miaka miwili nyuma ingerudi yote.

#24 Mama Ubwabwa

Nimekutumia.

#25 Mgosi

Wakuu, nimerudi. Nimepima jana. Gramu 58. PSA 2. Alama zangu kwenye yale maswali saba ni 13.

#26 Mtoto wa Reli

Basi kama una kiwanja, kibaki na mahindi yake.

#27 Tabibu wa Pasua

Hapo watu wengi wanaanza na dawa kwanza na kuangaliwa. Ikishindikana, kukwangua kunakutosha, na mikono ipo, hospitali ya Muhimbili ipo, KCMC ya Moshi ipo. Punguza chai baada ya magharibi, na dawa za mafua usinywe bila kuuliza. Daktari amekupima kwa kidole?

#28 Mgosi

Nilimwambia anipe ultrasaundi inatosha.

#29 Tabibu wa Pasua

Ultrasaundi inapima ukubwa. Kidole kinatafuta ugumu, kama kuna donge. Rudi.

#30 Mgosi

Nitarudi Jumatatu.

#31 Dereva wa Masafa

Jumatatu ya mwaka gani?